Fimbo Laini Kuliko Zote

Mashauri aliirudisha fimbo ya kuvulia juu ya kaunta. "Hii nayo imekufa, Sudi. Chambo cha bati kikivutwa majini hutetemeka, na mtetemo hupanda na mshipi mpaka kiganjani. Mtetemo ukikatika, ujue samaki kakidaka. Mimi siku hizi sisikii kitu."

Sudi, mwenye duka, akafunga rili nyepesi ya kukunjia mshipi kwenye fimbo laini kuliko zote. Kisha wakaijaribu kama kawaida ya duka lile: Tabu, mke wa Mashauri, akashika chambo mwishoni mwa mshipi, akavuka nacho barabara. Mashauri akashika fimbo, akafumba macho.

Tabu akakitikisa chambo, kwanza polepole, kisha kwa nguvu zote za mkono. Ncha ya fimbo ikatetemeka kama unyasi. Sudi akaitazama, halafu akatazama vidole vya Mashauri. Kimoja kilikuwa na kidonda kibichi cha moto, ambacho mwenyewe hakuwa amekitaja.

"Mama Tunu!" Mashauri akaita, macho bado kayafumba. "Anza basi!"

Mkono wa Tabu ukasimama.

"Nilikuwa nafungua fundo, Baba Tunu," akajibu. "Sasa naanza."

Akauzungusha mshipi kiganjani, akauvuta kwa mwili wote, mpaka fimbo ikapinda na Mashauri akapepesuka.

"Ehee!" Mashauri akacheka. "Hii ndiyo yenyewe! Nifungie hii, Sudi."

Sudi hakusogea. Ng'ambo ya barabara, Tabu alikuwa bado anavuta, ingawa mshipi ulishaanza kumkata.