Zamu ya Mama

Kompyuta ya pamoja ya chuo ilifanya hesabu kwa akili za watu waliolala, kwa hiyo kila mwanafunzi mpya alileta ndugu yake mmoja. Asumta alimleta mama yake.

"Usingizi tu, mwanangu? Nyumbani hata siupati," mama alicheka.

Kwa kazi yake ya kwanza Asumta aliomba akili ya mama kwa muda mrefu kupita kiasi, kama wageni wote, akiogopa hesabu zikatizwe katikati. Hesabu zake ziliisha upesi. Alisahau kuurudisha muda uliobaki, na mashine ikawagawia wanafunzi wengine waliokuwa kwenye foleni akili ya mama, mmoja baada ya mwingine.

Aliporudishwa nyumbani, mama alikaa jikoni akiutazama uji ukiungua.

"Shikamoo, mama."

Mama aligeuka taratibu.

"Subiri zamu yako."