Verl Anapasua Maganda

Ganda la tatu la risasi lilipopasuka shingoni, Idella aliacha kukunja nguo.

Mashine yake ya kufulia ipo gereji, karibu kabisa na meza ya mumewe, kwa hiyo kazi ile ameisikia miaka yote ya ndoa, apende asipende. Ganda tupu la risasi linaingizwa kwenye kalibu ya chuma, mpini unavutwa, ganda linatoka na umbo jipya. Verl hutengeneza zile risasi ambazo hakuna kiwanda kinachozitoa, zile ambazo wawindaji wa Wyoming hujibunia wenyewe wakazipa majina yao. Kwake yeye, kupasua ganda ni aibu. Leo alikuwa anayapasua mbele ya mgeni.

Mgeni mwenyewe ni kijana aitwaye Tanner, kofia imemfunika mpaka kwenye nyusi. Alikuja na ganda moja la mfano. Bunduki ameirithi kwa babu yake, alisema, na madukani kote wamemcheka, kwamba risasi za namna hiyo haziuzwi. Msimu wa kulungu unafunguliwa kesho.

"Sasa mzee, zitapatikana leo?"

"Ukikaa ukatulia, zitapatikana," alisema Verl, akavuta mpini. La nne likapasuka.

Hapo Idella akaona kosa lilipo. Verl hakuwa akiyapasha moto. Shingo ya ganda hupashwa kwanza ili ilainike, jambo ambalo hata yeye wa kufua nguo analijua. Jiko dogo la gesi lilikuwa pale pale mezani, limezimwa.

Aliogopa kwelikweli. Tangu majira ya baridi binti yao amekuwa akipiga simu kusema baba anasahausahau, na kwamba nyumba ya wazee kule mjini ina nafasi. Idella alikuwa akimjibu kwa ukali.

"Mume wangu," alisema taratibu, "hujawasha moto."

"Leo sina haja nao." Verl alicheka. "Hebu kampigie Orrin. Mwambie aje tule pai."

"Pai gani?"

"Si ile uliyooka asubuhi!"

Asubuhi Idella hakuwa ameoka chochote. Aliingia jikoni, akapiga simu kwa Orrin, mtoto wa Chester, kaka yake Verl.

"Baba yako mdogo anakuita uje ule pai, mwanangu, na pai hakuna," alisema, akijizuia kulia. "Anapasua maganda. Hayapashi moto. Nadhani akili inamtoka."

"Baba mdogo? Anapasua?"

"Manne mpaka sasa. Kuna kijana kamletea ganda fupi, nene, anadai bunduki ni ya babu yake."

Idella alimsikia Orrin akichukua funguo. "Mama mdogo, mwache aendelee kupasua. Nakuja."

Idella alikata simu kwa hasira. Kumbe na huyu hana huruma.

Aliporudi na kahawa, Verl alikuwa akisimulia kwa raha zote habari za dubu aliyemlia viatu kambini. Tanner alikuwa anatazama saa.

"Mzee, una hakika umewahi kuifanya kazi hii?"

"Hata ndoa yangu ilianza hivi hivi," Verl alisema. "Tulivunja vyombo kwanza."

Siku nyingine Idella angemrushia taulo. Leo alisikia jingine likipasuka, akaona basi, amechoka kujidanganya. Jioni angempigia binti yao simu na kumwambia sawa, njoo utuchukue.

Gari lilisimama nje. Orrin aliingia akiwa na sare yake ya polisi, na mwenzake akabaki kando ya gari la Tanner, akichungulia dirishani bunduki iliyolala kwenye kiti. Tanner aliinuka. Orrin akamwomba aketi, kwa adabu tu.

Verl aliufuta mkono wake mafuta, akawasha jiko la gesi, akaanza kulipasha moto shingo ganda la mwisho, akilizungusha pole pole kwa vidole visivyotetemeka hata kidogo.

"Umechelewa, Orrin," alisema. "Bunduki ya risasi hii ni moja tu duniani. Niliitengeneza mimi, nayo iliibwa nyumbani kwa baba yako. Nilikuwa nimebakiwa na ganda hili tu la kupasua."