Mti wa Kwenye Tuta

Maji yalikuwa yakichuruzika kwenye shina la mti, upande wa kijijini, ambako tuta la bwawa lilitakiwa kuwa kavu. Fidencia alipiga magoti, akayakinga kwa kiganja.

Wanaume waliokuja kukarabati tuta wakashusha majembe. Kila mtu hapa anajua: yakivuja meupe, hakuna neno, yakivuja na udongo, tuta linaliwa ndani kwa ndani, na mti wenye mizizi humo lazima uondoke.

"Meupe hayo, dada," akasema baba wa ubatizo wa mwana wa Fidencia, hata hakuinama kutazama. "Twende tukale."

"Meupe kabisa," wenzake wakaitikia.

Mti ule Fidencia aliupanda siku aliyozika hapo kitovu cha mwanawe. Mwana akakua, akapotelea jangwani akivuka mpaka kwenda Marekani. Mwili haukupatikana, wala kiatu. Kila Siku ya Wafu Fidencia huleta mishumaa na mkate hapa, kwani hana kaburi kwingine.

"Uongo umejifunza lini wewe?" akamuuliza yule baba wa ubatizo.

"Mvua zipite kwanza, dada. Tutaukata baadaye."

"Kuukata tu hakutoshi. Mizizi itaozea ndani, iache matundu. Ing'olewe yote."

Kule chini kijijini moshi wa tortilla, chapati za mahindi, ulikuwa ukipanda kutoka kila nyumba.

Akafungua kiganja. Maji yakamwagika, na kwenye mistari ya mkono likabaki tope jekundu.

"Leteni shoka," akasema. "Mkifika kwenye mizizi, nipisheni. Hapo nitachimba mwenyewe, kwa mikono."