Mfumo Haumtambui

"Futa tena," alisema karani wa mapokezi hospitalini.

Fundi makochi akakishika kidole gumba cha mkewe, akakifuta kwa pindo la shati lake, akakibandika kwa mara nyingine juu ya kile kidude cha kusoma alama za vidole. Kidude kikalia pii, kikawasha taa nyekundu. Kwenye kompyuta ya karani yakatokea maneno yaleyale: mfumo haumtambui.

"Haumtambui vipi?" Fundi alipandisha sauti. "Huyu ni mke wangu! Mimi namtambua, wewe unamtambua, hata mlinzi pale getini kamwamkia kwa jina!"

"Mzee, mimi sina ugomvi na wewe. Vidole vyake havina alama. Vimesagika."

Visisagike vipi? Mwanamke kafua nguo za watu ujana wake wote, sabuni na dawa za madoa zimemla vidole mpaka vikawa laini kama kijiko. Leo kifua kimembana, anakohoa hadi midomo inabadilika rangi. Kitanda kipo, daktari yupo, dawa ipo, bima wanayo. Kinachokosekana ni ruhusa ya kidude! Fundi alitamani aking'oe na nyaya zake akitupe dirishani.

"Piga simu bima, huduma kwa wateja," karani alimwambia. "Wakimpitisha wao, hapa inafunguka papo hapo."

Bango la hao bima lilikuwa ukutani, limeandikwa kwa majivuno: huduma yetu haina binadamu, mtambo hauna ndugu wala upendeleo. Bango hilo lilipotoka mara ya kwanza watu walishangilia, maana walikuwa wamechoshwa na makarani wa kujuana. Fundi mwenyewe aliusifia mtambo huo karakanani kwake hadi wateja wakamchoka.

Mkewe alikuwa keshatoa simu yake, anampigia binti yao aliyepata kazi ya kompyuta mjini. Iliita mpaka ikakatika.

"Mwache mtoto na kazi yake," Fundi alisema. "Si unajua wakiingia ofisini simu zao zinabaki mlangoni? Hili dubwana nitamalizana nalo mwenyewe."

Akapiga, akaweka spika.

"Karibu. Mimi ni mtambo wa huduma. Taja namba ya uanachama na jina la mgonjwa." Sauti ilikuwa kavu, ya bati, haipandi wala haishuki.

Akavitaja vyote viwili. Kukawa kimya, kimya cha kumtia mtu wazimu.

"Upo?" alifoka.

"Samahani. Ni mtandao. Eleza tatizo."

Akaeleza. Kando yake mkewe akashikwa na kikohozi, kile cha kumkunja mgongo.

"Je, mgonjwa amekaa au amesimama?"

"Inakuhusu nini?"

"Mgonjwa akae. Aegemee mbele."

"Eti aegemee mbele! Nimekuomba umpitishe, sijakuomba udaktari!" Lakini mkewe alikuwa keshakaa kwenye benchi, keshaegemea mbele, na pumzi ikamrudia kidogo. Hilo nalo likamzidishia Fundi hasira.

"Uhakiki wa kidole umeshindikana," sauti iliendelea. "Kwa mujibu wa utaratibu, ombi litajibiwa baada ya siku tatu."

"Siku tatu? Hebu msikilize. Msikilize kwanza!" Akaisogeza simu mdomoni mwa mkewe, ikasikia yote, kukohoa na kule kuvuta pumzi kwa filimbi.

"Kwa mujibu wa..." Sauti ilikwama, ikaanza upya. "Kwa mujibu wa utaratibu, mtambo hauwezi kumpitisha mtu asiye na alama."

Hapo Fundi akalipuka, korido nzima ikageuka.

"Mmetuondolea watu mkatuwekea machuma! Zamani ningekuta mtu dirishani. Hata awe jeuri namna gani, ningemlilia akayaona machozi yangu. Wewe nikulilie, utaona nini? Mtu anakufa, unanisomea utaratibu! Waliokutengeneza wamekujaza maneno, roho wakasahau kukutia. Huna haya, huna huruma, huna hata mama, mwanaharamu mkubwa wewe!"

"Baba watoto, basi," mkewe alinong'ona. "Unatukana chuma."

"Niache nikitukane! Kinaumia nini?"

 Kwenye simu vikasikika vitufe vikibonyezwa, harakaharaka, kwa fujo.

"Imekubali!" karani aliruka kitini. "Mzee, imefunguka! Nesi, leta kiti cha magurudumu, upesi!"

Nesi akaja mbio. Fundi akajifuta jasho usoni, bado anahema. "Umeona?" alimwambia mkewe. "Kumbe hawa dawa yao ni matusi tu."

Akainua simu ili aikate. Ndani yake kiti kilikuwa kikikwaruza sakafu, na mwanamume mmoja akafoka kwa mbali: "Wewe! Nani kakuruhusu kumpitisha huyo? Vua hizo hedifoni, utoke!"

"Mama ninaye, baba," ilisema ile sauti, na safari hii ilikuwa inalia. "Ndiye huyo anayekohoa hapo kando yako."