Kisahani cha Mwisho

Kwenye kompyuta ya mazoezi ya shabaha, iliyomulika picha ukutani, Merrin alikipunguzia tena mwendo kisahani cha udongo cha kulengwa, akakikuza hadi kikawa kama sinia. Baba yake, bingwa wa zamani wa shabaha wa mji wa Wagga, bado alikikosa kila kilipopaa ukutani.

"Mbona umeniwekea vya watoto wa chekechea?"

"Ni vilevile vya mashindano, Baba."

"Basi nikikipata kimoja tu, Jumamosi narudi uwanjani. Yule daktari aliyenikataza kwa sababu ya macho akapime macho ya kondoo."

Alipachika kitako cha bunduki isiyo na risasi begani, shavu likalala juu ya mbao iliyong'azwa na shavu hilohilo.

"Rusha!"

Merrin hakubonyeza kitufe; hakuna kisahani kilichopaa. Mtutu ulipita taratibu mbele ya ukuta mtupu, kisha kifyatulio kikalia.

"Hicho," baba alisema akitabasamu, "nimekiona vizuri kabisa."