Nta ya Mheshimiwa Chui

Katika bonde moja lenye upepo mwingi, wanyama walipata habari zote kwa pua. Upepo uliwaambia majani yamechipua wapi, nani anaumwa na adui yuko wapi. Lakini msimu wa kupandana ulipofika, ulileta na mengine. Mama Pofu, yule swala mkubwa, akaenda kulalamika kwa Chui, mtawala wa bonde.

"Mheshimiwa, watoto wangu wananusa mambo ya wakubwa!"

Chui akaamuru kila pua izibwe kwa nta. Mkubwa anayetaka kunusa aende pangoni kwa Chui, atamke mbele ya wote anataka kunusa nini, ndipo atolewe nta.

"Yangu nitaiacha wazi," akasema, "niwalinde."

Nungunungu akasimama. "Mheshimiwa, mimi wanangu huwapeleka nyuma ya kichuguu upepo huo ukivuma, basi. Hiyo nta itajuaje kuzuia harufu ya aibu tu na kupitisha nyingine?"

"Kumbe nawe unapenda uchafu!" Mama Pofu akamkatiza.

Wote wakaangua kicheko. Nungunungu akaziba pua kama wenzake, na hakuna aliyethubutu kwenda pangoni.

Bonde likawa na adabu. Asubuhi moja Mama Pofu hakumwona kitindamimba wake. Aliita, hakuitikiwa. Akasugua pua kwenye gome la mti mpaka nta ikatoka, akanusa.

Harufu ya aibu haikuwepo. Msimu wake ulikwisha zamani. Ilikuwepo ya Chui, nayo ilitoka kwenye nyasi walizolalia watoto wa Mama Pofu.