Maji Safi ya Mwanakheri

Katika mji mmoja, afya ya anayeishi peke yake husomwa kwenye tangi lake la samaki. Maji yakichafuka, muuguzi huingia kumtibu; yakiwa safi, mwenye nyumba huhesabiwa mzima.

Siku ya nne ya homa, sauti ikiwa imemkauka kabisa, Mwanakheri aliyatazama maji yakigeuka kijani, akashukuru. Leo wangekuja.

Akatangulia kufika wifi yake Zuhura, mgeni kutoka shamba, asiyeijua sheria hiyo.

"Uchafu gani huu? Watu wakija kukujulia hali, si itakuwa aibu, wifi?"

Akabadilisha maji, akasugua kioo, akawalisha samaki. Mwanakheri alimvuta kanga. Zuhura akadhani anashukuriwa.

Muuguzi alichungulia dirishani. "Maji safi! Hongereni," akasema, akapita.

Zuhura akageuka, uso umemchangamka.

"Umesikia, wifi? Tumesifiwa."